Maswali ya wasomaji: Gredi ya saba, mipira miwili na bahari pembeni

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na mada moja, kipindi cha PE, sijui ni kwa sababu shule zimefunguliwa ama ni hili joto. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwani mwenyewe nilikuwa mwalimu wa michezo miaka mingi, na makosa anayoyaeleza huyu bwana mimi niliyafanya yote, tena nikijiona najua kazi.

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu kijana hapa Lamu, mwaka wangu wa pili huu. Nimepewa michezo gredi ya saba, wako 52, mipira miwili, mmoja hauishi pancha. Darasani hawa watoto nawaweza, somo la hesabu wametulia tuli, lakini tukitoka nje tu ni kama nimefungua zizi la mbuzi. Wanasukumana, wanarushiana mchanga, wengine wanakwenda kuangalia mashua zikifunga, punda akipita ndo basi tena, kipindi kimekwisha. Kuna mmoja, simtaji, mpira ukimfikia anaupiga makusudi mpaka baharini, darasa zima linakimbilia ukutani kushangilia na mimi nimebaki na filimbi mdomoni sina wa kumpulizia. Nshawakimbiza raundi kumi, nshawapigisha pushapu, nshamtoa nje huyo kijana wiki tatu mfululizo, hakuna kilichobadilika. Mwenzangu stafrumu ananiambia nitafute bakora, ati watoto wa siku hizi hawasikii mdomo. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu.

Tuanze na bakora tuimalize. Kenya viboko vilifutwa shuleni mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema mtoto haadhibiwi kwa kupigwa wala kwa kuteswa akili, na ukipatikana na kosa ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote viwili. Huyo anayekushauri stafrumu akiwa na kikombe cha chai mkononi siku ya kesi hatakuja kusimama nawe, na nahisi pia hajawahi kutoka na watoto 52 kwenye mchanga saa nne ya asubuhi. Muache na chai yake.

Sasa hebu chukua kalamu tupige hesabu kidogo. Watoto 52, mipira miwili, bila shaka unawapanga mistari miwili ya 26, kila mmoja anakwenda na mpira mpaka kule anarudi anampa mwenzake, ndivyo tulivyofundishwa sote. Tuseme zamu ya mtoto ni sekunde 20. Wa 26 mpaka afikiwe zimepita karibu dakika 9. Kipindi chenu ni dakika 40, toa za kutoka darasani, za kuvua viatu na kuvificha visiibiwe, za kupanga mistari, toa za huyo punda, umebaki na 25 ukijaliwa. Kwa hivyo mtoto anagusa mpira mara mbili, akibahatika tatu. Sekunde 20 mara tatu ni dakika moja. Yaani umemtoa nje kijana wa miaka kumi na mitatu, damu inachemka, ukamwambia dakika 40 nzima fanya kazi dakika moja na zilobaki simama nyuma ya mwenzio kimya juani, halafu unashangaa anamsukuma aliye mbele yake. Mimi na uzee huu ningemsukuma.

Kuna mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alirekodi madarasa mengi akitaka kujua walimu ambao watoto wao wametulia wanawakanya vipi watundu, na mwaka 1970 akachapisha alichokiona, kwamba namna ya kukanya si tofauti kubwa. Tofauti ilikuwa kabla ya fujo, somo linatembea bila kukwama, watoto wana kitu cha kufanya, na mwalimu anaona kila pembe na watoto wanajua kuwa anaona. Nilipokuja kusoma habari zake nilikuwa nshapuliza filimbi miaka kumi bure.

Basi dawa ya kwanza ni kuua foleni. Gawanya uwanja sehemu sita, kila sehemu watoto wanane au tisa na kila sehemu kazi yake, wanacheza dakika tatu au nne, ukipiga filimbi wanahama kwenda sehemu ya pili. Utaniambia vifaa hakuna. Vifuu vya nazi Lamu vimejaa, vitie rangi viwe alama zako badala ya zile koni za dukani. Kamba ya usumba inaruka vizuri tu kwa sababu ni nzito. Chupa za maji zitie mchanga, pata kumi, watoto wazilenge kwa mpira wa matambara. Wacha waushone wenyewe huo wa matambara na soksi kuukuu, ule wa mifuko ya nailoni tuliokuwa tukiusokota zamani mifuko yake ilipigwa marufuku 2017 na haikuja tena, ingawa mimi bado naukumbuka ulivyokuwa ukidunda. Mipira yako miwili ya kweli iweke sehemu mbili tu, na hapo ndipo usimame karibu, kwa sababu ndipo patakapokuwa na ugomvi.

Jihadhari na mchezo wa kati pia, ule wa kulengana kwa mpira. Watoto wanaipenda na walimu wanaipenda kwani mpira mmoja unawachukua wengi, lakini angalia nani anapigwa mwanzo akatolewa, ni yule mzito, yule asiyeona vizuri, yule mwoga, na yeye ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote, sasa amekaa pembeni dakika kumi hana la kufanya ila kuwatupia wenzake mchanga. Geuza sheria, ukipigwa hutoki, unabadilishana nafasi na aliyekupiga.

Tena unasimama wapi ukiwa unawaeleza? Uwanja wenu kama uko upande wa bahari basi asubuhi jua linatoka kule Manda, na ukisimama wewe mgongo baharini, watoto wanaangalia jua, mashua, speedboti na watalii wote kwa mpigo, na wewe uko katikati kama nguzo ya stima. Geuza. Mgongo wa bahari wape wao, jua lipige uso wako. Halafu usipige kelele kushindana na upepo, kusi ikianza kuvuma sauti yako yote inaishia mfukoni mwako, walete karibu nusu duara, wachuchumae, sema maneno manne ama matano, wape mfano mmoja wa mwili wako, waende. Ukieleza dakika sita washakupotea. Filimbi nayo ipe maana mbili tu, mmoja mrefu simama mpira chini, mbili fupi njoo kwa mwalimu, na wiki ya kwanza fanyeni mazoezi ya kusimama tu, kama mchezo, kikundi gani kitaganda kwanza. Usiipulize ovyo kila ukikasirika. Ikilia kila dakika haisikiki tena.

Hizo raundi kumi, tafadhali ziache. Najua hazina bakora na zinaonekana safi, lakini wewe ndiye mwalimu wa kuwafanya wapende kukimbia halafu kukimbia umekugeuza adhabu, huyo mtoto mpaka awe mzee akiona watu wanakimbia pale ufuoni atasema kwani wamekosa nini. Na kwa joto la hapa, katika 52 huwezi kukosa mwenye pumu, yule ambaye kila siku anakwambia "mwalimu, kitwa chaniuma" na wewe umeshazoea kumpuuza. Na kitu kingine ambacho barua yako haikusema ila nakibahatisha, hicho kipindi hakiibiwi? Wiki ya mtihani kinafanywa marudio ya hesabu, wiki ijayo mvua, wiki nyengine mkutano wa walimu. Kama wanatoka nje mara moja kwa wiki tatu basi wanatoka kama maji ya bomba lililokuwa limezibwa. Kipiganie kipindi chako, na wewe mwenyewe usiwatishie "nitawarudisha darasani". Darasa zima haliwezi kulipia mmoja, watamchukia yeye na wewe.

Sasa twende kwa huyo kijana wako wa kupiga mpira baharini.

Nilikuwa nafundisha Malindi, shule siitaji. Nilikuwa na ule mtindo wa makepteni wawili, wanasimama mbele, huyu anachagua mmoja na yule anachagua mmoja, mpaka waishe. Kulikuwa na mvulana, mfupi, miguu mizito, kila Jumanne kabla hatujamaliza kugawana timu lazima azue jambo. Atamvua mtu kofia, atamtukania mtu mama yake, mara moja alimmwagia mwenzake maji ya kunywa shingoni. Nami kila Jumanne namfukuza akakae chini ya mwarobaini karibu na jiko. Na akifika pale anatulia, wallahi, anachora kwenye vumbi kwa kijiti mpaka kengele. Muhula mzima karibu ukaisha hivyo, na aliyenifungua macho si mwalimu mwenzangu wala hedmasta, ni mama aliyekuwa akitupikia githeri, siku hiyo akaniuliza, mwalimu huyu mtoto mbona akija hapa hana neno, kwako kuna nini?

Nikaenda nyumbani nikafikiri. Kumbe saa yake ya fujo ilikuwa ile ile kila wiki, dakika ya kuchaguliwa. Siku zote alikuwa anabaki yeye peke yake mwisho, na makepteni wanabishana nani amchukue, "mchukue wewe", "a a mchukue wewe". Bora aitwe mkorofi kuliko kusimama pale. Alikuwa anatafuta kufukuzwa na mimi nikimpa alichokitaka kila Jumanne, halafu nasema hasikii.

Kwa hivyo kabla hujamfanya chochote huyo wako, kipindi kimoja mchungulie tu na saa mkononi. Mpira unakwenda baharini dakika ya ngapi? Baada ya kukosea pasi na watu kumcheka? Baada ya kusubiri sana? Nani anashangilia, na akikosa wa kushangilia ataupiga? Mimi dau langu liko kwa washangiliaji, kwa sababu umesema darasa zima linakimbilia ukutani, hiyo ni shoo na yeye ndiye nyota. Ukiwa na sehemu sita zinazocheza mara moja, mpira mmoja ukienda watazamaji ni saba au wanane tu, nao wamekasirika kwa sababu ni mpira wao umekwenda. Shoo inakufa yenyewe. (Ule mpira usimtume mtoto kuuchota, hata kama anaogelea kama samaki. Unakwenda wewe, au nahodha wa mashua aliye karibu atakusaidia. Maji kupwa au kujaa, sheria ni hiyo hiyo.)

Timu nazo panga wewe usiku, uje na karatasi, na ziwe zile zile muhula mzima. Mmarekani mwengine, Siedentop wa Ohio, alifanya michezo ya shule iwe kama ligi hasa, timu inakaa msimu mzima na kila mtu ana cheo, refa, skora, mtunza vifaa, kocha wa mazoezi ya viungo. Mimi nilichukua nusu tu ya hiyo, vyeo, nikavizungusha kila wiki mbili. Yule wa mwarobaini akawa refa zamu yake ikifika, na alikuwa refa mkali mpaka nikamwambia apunguze kadi. Usidhani aligeuka malaika, alimaliza shule bado anapopoa maembe ya watu. Lakini Jumanne zangu zilitulia.

Akikosea tena, na atakosea, usimwite kutoka mwisho wa uwanja kwa jina lake na la babake. Tembea mpaka alipo. Mara nyingi ukifika karibu tu imekwisha. Isipokwisha mwambie kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, chagua, unacheza kwa sheria yetu au unakaa pale pembeni mpaka ujione uko tayari, na ukiwa tayari unarudi mwenyewe bila kuniomba. Hilo la kurudi mwenyewe linaonekana dogo, lakini ndilo linalomfundisha kujishika. Don Hellison, Mmarekani aliyefanya kazi hii na vijana wagumu wa mijini tangu miaka ya 1970, aliwapangia ngazi, kwanza heshimu haki ya mwenzio hata kama hutaki kucheza, kisha jitahidi, kisha jiongoze mwenyewe, kisha msaidie mwengine, mwisho uyachukue haya nje ya uwanja. Mwisho wa kipindi alikuwa akiwauliza leo ulikuwa ngazi ipi. Jaribu hata kwa vidole tu, dakika mbili, wakiwa wanakung'uta mchanga miguuni. Wale watundu wenyewe huwa wakali wakijipima, utashangaa.

Ngumi za kweli zikitokea, hilo ni jambo jengine. Simamisha wote, watenganishe, mtume mtoto mmoja akamwite mwalimu wa pili, na usiwaache hao wengine 50 karibu na maji ukaenda nao ofisini.

Huwezi kufanya haya yote wiki moja. Anza na foleni. Niandikie baada ya mwezi, na huo mpira wa pancha uzibeni kwa fundi wa baiskeli, shilingi chache tu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kike gredi ya nane hapa Malindi. Nimeitwa shule naambiwa mwanangu ni jeuri, hataki kushiriki michezo, mara tumbo, mara amesahau viatu, na akilazimishwa anakaa chini na kuwafanya wasichana wengine watatu wakae naye. Nyumbani hana ujeuri wowote. Mwalimu wao ni mwanamume na ni mtu mzuri lakini anasema ni utovu wa nidhamu. Nimchape? Nimuombee ruhusa asicheze?

JIBU: Marahaba mamangu. Usimchape na usimuombee ruhusa, muulize. Lakini usimuulize mbele ya babake wala kaka zake, muulize mkiwa jikoni wawili mnakuna nazi.

Wasichana wanne wakikaa chini pamoja, mimi simuoni jeuri hapo, naona kuna kitu wote wanne wanakikwepa. Kwa umri huo mara nyingi ni mambo matatu. Nguo, yaani sketi inaruka ama hijabu inafunguka mbele ya wavulana. Hedhi, na shule haina mahali pa kubadilisha. Au kuna wavulana wanaokaa ukutani wakitoa maneno kila msichana akikimbia, na mwalimu hawasikii kwa sababu wanasema kwa chini. Likiwa hilo la tatu basi wenye fujo katika kipindi hicho ni wale walio ukutani, na hawa wasichana wanne ndio walioitiwa wazazi.

La nguo ni rahisi. Suruali pana ya mazoezi chini, tisheti ndefu ya mikono mirefu, na ushungi wa kuvuta wa kitambaa chepesi usio na pini hata moja, pini uwanjani ni hatari. Kama kuna anayesema haufai kwenye michezo mwambie FIFA wenyewe waliruhusu kufunika kichwa mwaka 2014 na wa mpira wa kikapu, FIBA, wakafuata 2017. Fundi wa mtaani anaushona kwa nusu saa.

La hedhi, mwombe mwalimu wa kike yeyote awe ndiye wa kuambiwa, na mtoto asilazimishwe kutangaza. Siku hiyo apewe kazi, ahesabu magoli, ashike saa, asikae tu. Na ukienda shule usiende kugombana, nenda na swali: siku anayokaa chini huwa mnacheza nini, na wavulana wako wapi? Mwalimu akiwa mzuri kama unavyosema, ataanza kuangalia ukutani.

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni kepteni wa darasa gredi ya sita, Lamu. Mwalimu wetu wa PE akitutoa nje ananipa filimbi na kitabu niandike majina ya wanaofanya fujo halafu anarudi ndani kusahihisha. Wakubwa hawanisikii, na nikiandika majina wananingojea njiani nikienda chuoni, chuo cha Kurani, jioni. Nisipoandika naulizwa mimi. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu, hiyo si kazi yako na hujashindwa wewe. Mtoto wa gredi ya sita hawezi kuwasimamia wenzake wakicheza, mtu akivunjika mkono utafanya nini na kitabu?

Mwambie mzazi wako leo hii wanakungojea njiani, hilo usilifiche hata siku moja, na jioni uende chuoni na mwenzio au mtu mzima mpaka limalizwe. Mzazi ndiye atakayezungumza na hedmasta kuhusu mwalimu kuwaacha peke yenu, wewe usimwendee mwalimu kumlaumu. Wewe mwombe kitu kimoja tu, kwa adabu, kabla hamjatoka darasani: "Mwalimu, naomba leo utoke nasi, filimbi wakiisikia kwako wanasimama." Na umrudishie mkononi hapo hapo mlangoni, kabla hajakaa.